Kabati la Kijani la Mama Mkwe

Jumamosi iliyopita mliniacha nimesimama jikoni, sufuria ya moto mikononi, nimeduwaa kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemwona. Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa nyanya kabla hajalisoma, mambo yalikuwa hivi.

Naitwa Nevenka. Mume wangu wa kwanza alikunywa mshahara, akanywa ng'ombe, mwisho akanywa nyumba. Nikabaki na mifuko miwili na cherehani.

Wa pili ni Gavrilo, dereva wa lori la viazisukari hapa mjini kwetu Bečej. Pombe hagusi, mkono hainui, neno hasemi. Nilidhani nimepata pepo duniani. Nilisahau kuuliza anaishi na nani.

Anaishi na mama yake.

Siku niliyoingia, Mama Desanka alinizungusha nyumba nzima. Akanionyesha kisima, banda la kuku, dari ya kukaushia soseji. Kisha akasimama mbele ya kabati la vyombo pale jikoni. Kabati kubwa, lenye kunifika kifuani, limepakwa rangi ya kijani kuanzia kichwani hadi miguuni, kijani cha benchi za stesheni.

"Nyumba hii gusa chochote," aliniambia. "Hili usiguse. Hata vumbi lake nafuta mwenyewe."

Sikuuliza kwa nini. Nilitaka kupendwa, na mtu anayetaka kupendwa haulizi maswali.

Basi vuli hii Mama Desanka akaenda kwenye chemchemi za maji ya moto kutibu magoti. Mimi nikapika jemu ya plamu, kama kila nyumba mtaani, nikiikoroga uani tangu asubuhi mpaka ikawa nyeusi. Nikaibeba sufuria kuingia ndani. Meza imejaa chupa. Mikono inaungua. Mahali pa kuitua sioni.

Nikaitua juu ya kabati.

Nilipoinyanyua, rangi ya kijani ilinyanyuka nayo, imegandia kitako cha sufuria kama utando wa maziwa. Juu ya kabati pakabaki duara la mbao tupu, kubwa kama sahani ya pilau ya arusi.

Hapo ndipo mliponiacha. Sasa kaeni vizuri.

Mtu wa kwanza kuliona duara lile alikuwa jirani yetu Rozalija. Alikuja kuazima vifuniko vya chupa. Shangazi Rozalija haji kuazima kitu ila siku ambayo kuna jambo.

"Yesu na Maria!" akashika shavu. "Umeliua."

"Ni rangi tu, shangazi. Nitapaka nyingine."

"Rangi tu? Mtoto wewe, hujui ulichokigusa." Akaliinamia lile duara kama anayetazama maiti. "Atakutoa roho."

"Nani atamwambia?"

"Mimi? Mimi ni kaburi."

Wote mtaani wanajua lile kaburi halina mfuniko.

Nikakimbia dukani. Nikachagua kijani kilichofanana zaidi na kile cha kabati, nikarudi, nikapaka duara, nikasubiri likauke huku nazunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Likakauka. Kijani cha zamani kilikuwa kimekomaa, kimeshiba moshi na mvuke wa supu za miaka. Kijani changu kilikuwa cha chura mchanga. Sasa duara lilionekana hata ukiwa barabarani.

Nikajiambia, basi nipake juu yote. Nikapaka juu yote, mbavu zikakataa kufanana na juu. Nikapaka mbavu, milango ikakataa. Kufikia jioni nilikuwa nimepaka kabati zima, hadi miguu, na mgongo wangu hautaki kunyooka.

Simu ikalia.

"Kuku hawajambo?" Mama Desanka hana salamu nyingine.

"Hawajambo, mama."

"Paka?"

"Hajambo."

"Kabati langu?"

Nilitazama brashi mkononi. "Lipo, mama."

"Najua lipo, halina miguu ya kutembelea. Nauliza hali yake."

"Halijambo," nikasema.

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, na kila alipopiga tena niliurudia. Nauandika hapa gazetini kwa sababu ndio ulioniponza, kuliko hata sufuria.

Asubuhi nikaingia jikoni, nikakuta kabati limezeeka. Rangi mpya ilikuwa imegombana na ile ya zamani, ikaichoma, zote mbili zikakunjamana pamoja. Mlango mzima ulikuwa umefinyana kama uso wa bikizee. Ukigusa kwa kidole, ngozi inateleza.

Nikakaa sakafuni nikalia. Kisha nikainuka, maana kulia hakukwangui rangi.

Nikanunua dawa ya kutoa rangi, ile inayochoma pua na macho. Nikavaa glavu za kuoshea vyombo. Nikapaka dawa, nikangoja rangi itutumke, nikaanza kukwangua kwa chuma. Kijani changu kikatoka. Kijani cha zamani kikatoka. Chini yake sikuona rangi nyingine.

Niliona mbao ya mjozi, ile ya matajiri.

Wasomaji wangu, mimi si fundi, ni mshona nguo. Lakini kitambaa kizuri nakijua, na ile ilikuwa kama hariri nzito. Mistari ya mbao ilipita kwenye milango yote miwili kama moshi wa hudhurungi, ikakutana katikati, kushoto na kulia sawasawa, kama vile mtu aliufungua ubao kama kitabu. Nani mwenye akili timamu angefunika kitu kile kwa rangi ya benchi?

Wakati ule ule Gavrilo akaingia, matope mpaka mapajani. Vuli ni msimu wa kuvuna viazisukari, siku nyingine hata nyumbani harudi, analala kwenye lori, foleni ya kiwanda cha sukari ni ndefu.

Alisimama mlangoni. Akatazama kabati, nusu kijani, nusu uchi. Akatazama takataka za rangi sakafuni.

"Niliunguza," nikasema. "Kwa sufuria. Nikajaribu kurekebisha."

"Mama anajua?"

"Hajui."

Akakaa kitini, akavua buti moja. La pili akalisahau mguuni.

"Gavrilo, kwa nini kabati hili haliguswi?"

"Mambo ya zamani."

"Ya nani?"

"Supu ipo?"

"Ipo. Ya nani, Gavrilo?"

Akala supu yake, buti mguu mmoja, akaenda kulala. Alfajiri akaondoka. Nilimpenda mume wangu kwa upole wake, lakini asubuhi ile nilitamani angalau avunje kikombe.

Nikaendelea peke yangu. Sikuwa na njia ya kurudi. Nikasema, kama siwezi kumrudishia kijani chake, nitampa kitu kizuri zaidi, atakiona, atanisamehe. Nikapiga msasa mpaka vidole vikaisha alama. Milango ikang'aa. Mbavu za kabati, lakini, hazikuwa za mjozi. Zilikuwa za msonobari, nyeupe, mbao ya maskini iliyojificha nyuma ya tajiri. Ilibidi zitiwe rangi zifanane na milango, ile rangi ya majimaji inayozama ndani ya mbao badala ya kukaa juu.

Nikatia. Ikazama, ndiyo. Hapa ikazama sana, pale ikakataa. Ubavu wa kabati ukawa na madoadoa kama mgonjwa wa ngozi.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya madoa yale, nayatukana moja moja, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Nimesikia unalivua nguo kabati."

Mwanamke mwembamba, nywele fupi, koti jekundu, mkononi ameshika shada la maua ya makaburini. Kucha zake zilikuwa na rangi ya kahawia pembeni, ile isiyotoka kwa sabuni.

"Nani kakwambia?"

"Rozalija. Nimemkuta makaburini, nimekuja kusafisha kaburi la mama yangu. Hata mshumaa hakuniacha niwashe."

"Na wewe ni nani?"

Akaweka maua mezani. "Mimi ndiye niliyelivalisha."

Sikuelewa. Akaona sijaelewa.

"Jagoda," akasema.

Kwamba Gavrilo alikuwa na mke kabla yangu nilijua. Aliniambia tulipochumbiana, kwa sentensi moja, na kwa Gavrilo sentensi moja ni hotuba. Jina lake Jagoda, alitoroka na mpiga kodiani wa arusini.

Nilisimama nimeshika kitambaa kinachotiririka rangi. "Umekuja kumtafuta Gavrilo?"

"Nimekuja kuona kabati."

"Na mpiga kodiani wako yuko wapi?"

"Nani?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika meza.

"Angalau wewe umepewa mwanamuziki! Mtaa wa juu waliambiwa ni dereva wa basi." Kisha kicheko kikaisha, akapangusa macho. "Sikutoroka na mtu, dada. Nilitolewa. Kwa sababu ya hili."

Akaligusa kabati kwa upande wa kiganja, taratibu, kama mtu anavyomgusa farasi aliyewahi kumpiga teke.

Nisikilizeni, maana alichonisimulia hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kunisimulia.

"Nilikuwa bibi arusi mpya," alisema. "Jiko hili lilikuwa na giza, na kabati jeusi kwa moshi, nikiliona kama jeneza. Mama Desanka alikwenda kijijini kumzika dada yake. Nikasema maskini, atarudi na huzuni, nimchangamshie nyumba. Kulikuwa na rangi imebaki ya madirisha. Nikapaka, naimba. Akarudi amevaa nyeusi, akasimama pale uliposimama."

"Akagomba?"

"Afadhali angegomba. Alilia kama amefiwa mara ya pili. Kumbe kabati lilitengenezwa na baba yake, kwa mjozi wa uani kwao, ule mti aliochezea chini yake akiwa mtoto. Walimkatia kwa ajili ya arusi yake. Mimi ningejuaje? Hakuna aliyeniambia."

"Ungemwomba radhi."

"Aliniambia niombe. Na mimi nilikuwa na kichwa kigumu. Nikamwambia, mama, kijani kinapendeza."

Nikafumba macho.

"Ndiyo," alisema Jagoda. "Hapo ndipo alipomwita mwanawe. Akamwambia, mimi au yeye."

"Na Gavrilo?"

"Alitazama viatu vyake."

Paka wa Mama Desanka, ambaye kwangu hajawahi kusogea, akaja akajisugua kwenye mguu wa Jagoda.

"Lakini mbona hakulikwangua?" nikauliza. "Miaka yote hii?"

"Aliapa mbele ya Rozalija. Litabaki hivyo hivyo, kila anayeingia alione, mpaka aliyeharibu aje mwenyewe kuomba radhi." Akavua koti, akakunja mikono ya sweta. "Msonobari huwezi kuutia rangi hivyo, unakunywa kama mlevi. Kwanza unaupaka vanishi nyepesi, umeizimua kwa tapentaini, unakauka, unaupitishia msasa laini. Halafu ndipo rangi. Una tapentaini?"

"Umejuaje haya?"

"Nilipofukuzwa nilikwenda Novi Sad, nikaomba kazi kwa fundi anayefufua fanicha kuukuu. Mpaka leo sijui kama nilitafuta kazi au nilitafuta adhabu."

Ningemfukuza. Mwanamke mwenye akili angemfukuza. Mke wa zamani haachwi aingie jikoni, sembuse akunje mikono. Lakini kabati lilikuwa na madoa na mama mkwe alikuwa karibu kurudi. Nikampa tapentaini.

Alilala kwa binamu yake, kila asubuhi akaja. Gavrilo alikuwa foleni na lori lake, hakujua. Tulifanya kazi ubavu kwa ubavu, mimi na yeye, tukitoa madoa yangu kwa msasa, tukianza upya. Alinionyesha jinsi ya kupitisha kitambaa kwa pumzi moja bila kusita katikati. Alinichekesha. Alinifanyia kahawa.

Na hiyo kahawa ndiyo iliyoninyima usingizi, si kwa ukali wake. Alijua kijiko kilipo. Alijua dirisha lipi linakwama na linasukumwa wapi. Siku moja nilimsikia anafungua droo ya pili bila kutazama, akatoa kibiriti. Mimi kibiriti kile nilikitafuta mwezi mzima.

"Una mtu huko Novi Sad?" nikamuuliza, kana kwamba nauliza hali ya hewa.

"Sina."

"Miaka yote?"

"Wapo waliopita." Akapuliza vumbi la mbao. "Gavrilo bado analala na soksi?"

"Hapana," nikadanganya.

Uongo mwingine. Analala na soksi.

Siku ya vanishi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mbavu zilikuwa zimefanana na milango, mtu asingejua. Jagoda alikuwa amepiga magoti, anamalizia sehemu ya chini ya mlango, mimi nafuta michirizi pembeni. Nilikuwa napanga kichwani: vanishi ikauke, Jagoda apande basi, mama arudi, alione, afurahi, nami niseme ni mimi niliyetengeneza. Ndiyo, nilipanga kumficha. Nilitaka shukrani zile ziwe zangu zote.

Geti likalia. Fimbo ikagonga sakafu ya baraza.

Mama Desanka hakutakiwa kurudi wiki ile. Nyuma yake alikuwa Shangazi Rozalija, amembebea begi, uso umemshuka.

"Nilimpigia kumuuliza magoti tu," Rozalija akaanza. "Neno lilinitoka lenyewe..."

"Nyamaza, Rozalija," akasema Mama Desanka.

Alikuwa ameliona.

Mwanga wa mvua ulitoka dirishani ukaingia kwenye milango ya mjozi, ukazama humo, ile mistari ikaonekana kama inatembea. Mama Desanka akaja polepole, fimbo, mguu, fimbo, mguu. Akanyoosha mkono. Hakugusa. Kiganja chake kilisimama karibu na vanishi mbichi kama anaota moto.

"Tata," akasema. Baba. Sauti ya mtoto.

Kisha akatazama chini, akamwona aliyepiga magoti.

Jagoda hakuinuka. Brashi mkononi, shingo imeinama. "Nisamehe, mama," akasema. "Nilitakiwa kusema siku ile ile. Nilikuwa na kiburi. Nisamehe."

Mama Desanka akanyanyua mkono. Nikajiandaa kwa fimbo. Badala yake akaweka mkono wake juu ya zile nywele fupi, akaukandamiza pale, machozi yakateremka kwenye mikunjo ya uso wake, hakuyafuta.

"Umechelewa sana," akasema. "Mpumbavu wewe. Umechelewa sana."

Rozalija alikuwa analia waziwazi. Hata mimi. Nilisema moyoni, Nevenka, umeokoka, umepatanisha watu, Mungu ametumia sufuria yako.

Mama Desanka akageuza uso kwangu.

"Na wewe. Uliniambia kwenye simu halijambo."

Machozi yangu yakakauka. "Nilidanganya, mama. Niliweka sufuria ya moto. Niliogopa."

"Nilikuuliza mara ngapi?"

"Kila ulipopiga."

"Na kila nilipopiga?"

"Nilidanganya."

Akatikisa kichwa polepole. "Huyu aliharibu waziwazi, akanijibu jeuri, lakini hakunificha. Leo amerudi na mikono yake ametengeneza. Wewe umeharibu kwa siri, ukanichekea kwenye simu."

"Ni mimi niliyelikwangua, mama. Tumetengeneza wote."

"Mikono ya nani iliyojua kazi? Yako?"

Nilimtazama Jagoda aseme. Alikuwa anapangusa brashi kwenye ukingo wa kopo, mara hii, mara ile, ingawa haikuwa na tone.

"Jagoda," akasema Mama Desanka, "chumba chako kipo palepale."

"Desanka!" Rozalija akaangusha begi. "Una wazimu? Kijana ana mke!"

"Najua ana mke. Ndiye huyu niliyemshika kichwa."

"Huyo aliachwa! Mke ni huyu, wameandikishwa manispaa, mimi nilikuwa shahidi, nilikula na keki!"

"Keki inaisha," akasema Mama Desanka, akakaa kitini kama hakimu.

Nilicheka. Nilicheka kwa sababu nilidhani Jagoda atacheka, tutacheka wote, Jagoda atasema mama umechanganyikiwa, mimi nina maisha yangu.

Jagoda hakucheka.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba basi lako ni kesho. Kwamba ulikuja kuona kabati."

Alitazama dirishani, lile linalokwama. "Nilikuja kuona kabati," akasema polepole, na baada ya hapo ilibidi kuwe na sentensi nyingine. Haikuja.

Niliwahi kulala nje kwa sababu ya mume mlevi. Niliwahi kuuza pete yangu ya ndoa. Sijawahi kusikia baridi kama ile iliyonipanda miguuni pale jikoni, jiko linawaka, kahawa aliyonipikia mwenyewe bado ina mvuke.

"Umenipa somo la vanishi," nikamwambia, "huku unapima mapazia ya kurudia humu."

"Sivyo, Nevenka."

"Sivyo vipi?"

"Sikujua mpaka aliponishika kichwa." Macho yake yalikuwa mekundu. "Miaka yote nilingoja mtu wa nyumba hii anishike kichwa. Sikujua kama nangoja. Usiniulize sasa hivi, naomba."

Nje likaunguruma lori.

Mvua ilikuwa imesimamisha uvunaji. Gavrilo akaingia, kofia inatiririka, akaona begi la mama yake sakafuni. Akaona kabati. Akaona koti jekundu kwenye kiti chake. Mwisho akaona nani amepiga magoti.

"Jagoda," akasema.

Alilisema vizuri sana lile jina. Sitawaficha.

"Habari za siku nyingi, Gavrilo."

"Mwanangu," akasema Mama Desanka, "aliyeharibu ameomba radhi. Nami nimeweka kiapo changu chini. Mlango niliomfungia nimemfungulia. Huyu mwingine amenidanganya ndani ya nyumba yangu, na waongo silali nao chini ya dari moja. Sema sasa. Safari hii nataka nikusikie kwa masikio yangu, usije ukaniambia baadaye niliamua mimi."

Gavrilo akatazama viatu vyake.

Na mimi nikavitazama. Vilikuwa na matope, na jani la kiazisukari limegandia kisigino. Jagoda naye alikuwa anavitazama, na nikaona uso wake umegeuka mweupe kama karatasi.

"Gavrilo," nikasema, "nilikudanganya na wewe pia. Huyu amekuwa hapa siku zote hizi, sikukwambia. Na nilitaka kumficha nichukue sifa peke yangu. Hayo ndiyo makosa yangu, sina mengine. Sasa inua kichwa useme."

Hakuinua. Aligeuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Tukabaki wanawake wanne na kabati moja. Tukasikiliza. Mlango wa kabati la nguo ukalia. Henga zikagongana. Droo ikavutwa, ikarudishwa, ikavutwa nyingine. Alikuwa anafungasha, hilo kila mmoja wetu alilijua. Droo za kushoto ni zangu, za kulia ni zake, lakini ukutani sauti zote zinafanana.

"Anafungasha nguo za nani?" Rozalija akanong'ona.

Mama Desanka alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Ule uhakimu ulikuwa unamtoka usoni kidogo kidogo, kwa kila droo.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa ameshika sanduku la nguo, moja tu, amelifunga mkanda wa suruali kwa sababu kufuli lake bovu. Zito. Bega lilimlala upande. Hakumtazama mama yake. Hakumtazama Jagoda.

Alinitazama mimi, na tangu anioe sikuwahi kushindwa kuusoma uso wake kama siku ile.

"Vaa koti, Nevenka."

"Humo ndani mna nguo za nani?"

Akafungua mlango wa nje. Mvua ikaingia mpaka sakafuni. Uani lori lilikuwa linaunguruma, hakuwa amelizima.

"Vaa koti," akasema tena, akasimama palepale mlangoni, sanduku mkononi, akinisubiri. Mengine Jumamosi ijayo.